Maaskofu na Mashehe Waliolala Nje

Katika vijiji vyetu vingi kanisa na msikiti husikilizana. Mwadhini aadhinipo alfajiri, Wakristo nao huamka. Na kengele ya Jumapili iliapo, Waislamu walio shambani hujua saa. Twateka maji kisima kimoja, na mauti yakiingia nyumba moja, majirani wote huenda kuzika. Lakini yakitokea mambo makubwa ya nchi, kama vita au ugomvi wa utawala, mara nyingi kila watu huenda kwao wakafunga mlango. Mmoja husema, “Dini ni mambo ya kanisani tu, mambo ya nchi tuwaachie wakubwa.” Mwingine husema, “Nikiketi baraza moja na mtu wa dini nyingine, imani yangu itapungua.”

Maneno hayo mawili yafaa kupimwa, wala si kwa kubishana, bali kwa kuyatazama mambo yaliyokwisha kutendeka. Nasi twataka kuyapima kwa habari za Uganda, kwa sababu nchi ile imeonja yote mawili: uchungu wa dini kupigana, na faida ya dini kupatana.

Tuanze mbali kidogo. Husimuliwa kwamba mnamo mwaka wa 1844, Kabaka Suna alipokuwa akitawala Buganda, mfanyabiashara mmoja Mwislamu jina lake Ahmed bin Ibrahim alifika barazani kwake. Siku moja mfalme alitoa amri watu wake wauawe, kama ilivyokuwa desturi. Watu wote wakanyamaza kwa hofu. Ahmed akasimama, akamwambia mfalme kwamba watu wale wameumbwa na Mungu, na yeye mfalme pia ameumbwa na Mungu huyo huyo, basi si haki kuwaua bure. Suna hakumwua mgeni yule, bali alitaka kufundishwa habari za Mungu huyo. Hivyo neno la dini linalokumbukwa kuwa la kwanza katika baraza ile halikuwa la kushindana juu ya sala. Lilikuwa neno la kuwatetea wanyonge mbele ya mwenye nguvu.

Baadaye akatawala Mutesa mwana wa Suna. Mwaka wa 1877 walifika wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, na mwezi wa Februari 1879 wakafika mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa. Ndipo yalipoanza mabishano mbele ya Kabaka, Alexander Mackay upande huu, Padre Lourdel upande huu, na Waislamu nao wakisimamia neno lao. Lugha yetu ya Kiswahili ilitumika sana katika mabishano hayo, maana wageni waliijua kabla ya kujua Kiganda, na wengi wa barazani waliifahamu. Mazungumzo ya dini yalikuwapo, tena kila siku. Lakini kila upande ulitafuta sikio la mfalme, na mfalme alipima ni wageni gani wenye faida kwake. Vijana wa barazani wakajifunza kwamba dini ni njia ya kwenda kwa Mungu, na wengine wakajifunza kwamba ni njia ya kupata cheo.

Mafundisho hayo mawili yote yalizaa matunda. La kwanza lilionekana tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walipochomwa katika moto mmoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kabla yao, katika siku za Mutesa, Waislamu nao waliuawa kwa ajili ya imani yao. La pili lilionekana upesi. Mwaka wa 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga; baada ya mwezi mmoja Waislamu wakawafukuza Wakristo; kisha Wakristo wakakusanyika wakawashinda Waislamu. Hata tarehe 24 Januari 1892, huko Mengo, Wakristo wenyewe wakapigana, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Waingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki na mzinga wa Maxim. Na watu waliitwaje siku hizo? Hawakuitwa kwa jina la Kristo. Waliitwa Wafransa na Wangereza, ingawa wote walikuwa Waganda, wana wa nchi moja. Imepita miaka 6 tu tangu moto wa Namugongo.

Baada ya vita vile, majimbo na vyeo vya Buganda viligawanywa kwa dini, na Waislamu wakapata sehemu ndogo. Mtengano huo haukubaki Buganda. Misheni zilipoenea kaskazini, nao ukaenda pamoja nazo. Hata siku za kutafuta uhuru zilipokaribia, chama cha DP kilichoanzishwa mwaka wa 1954 kilihesabiwa kuwa chama cha Wakatoliki, na chama cha UPC cha mwaka wa 1960 kikahesabiwa kuwa cha Waprotestanti. Katika nchi ya Waacholi, yapata maili 200 kaskazini ya Kampala, palikuwa na watu wa ukoo mmoja wasioweza kukaa mkutano mmoja, kwa sababu huyu alibatizwa misheni hii na yule misheni ile. Huko ndiko twataka kumpeleka msomaji sasa.

Mwezi wa Januari 1986 majeshi ya Yoweri Museveni yaliiteka Kampala. Askari wengi wa serikali iliyoshindwa walikuwa watu wa kaskazini. Wakakimbilia kwao, na vita vikawafuata. Akatokea mwanamke jina lake Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, akisema kwamba anaongozwa na roho. Jeshi lake lilifika karibu na Jinja, likavunjwa mwaka wa 1987. Nyuma yake akainuka Joseph Kony, naye pia akasema habari za roho. Jeshi lake liliitwa Jeshi la Bwana, nalo lilitaja Amri Kumi za Mungu hali likiua, likiiba na kukata watu midomo na masikio. Basi tusiseme kwamba dini haikuhusika na vita hivyo. Jina la Mungu lilikuwa limekwisha kutiwa ndani, tena kwa namna ya kutisha.

Kony alipokosa watu wa kumfuata kwa hiari, alichukua watoto kwa nguvu. Hukisiwa kwamba katika miaka ya vita vile waliochukuliwa walikuwa zaidi ya 20,000. Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi waliingia usiku katika shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, katika nchi ya Walango, wakachukua wasichana 139. Mtawa mmoja, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu, akawasihi wakubwa wa waasi, nao wakamrudishia wasichana 109. Waliobaki mikononi mwao walikuwa 30. Na mwaka huo huo serikali ilianza kuwahamisha watu kutoka vijijini na kuwatia makambini, ikisema ni kwa ajili ya kuwalinda. Makambini mlikuwa na njaa na maradhi, na mashamba yakarudi kuwa msitu. Hata kufika mwaka wa 2005, waliohamishwa kaskazini ya Uganda walikaribia watu 1,800,000. Raia walikuwa katikati, waasi wakiwapiga wakidai ni watu wa serikali, na askari wakiwashuku kuwa ni watu wa waasi. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Mtu angeweza kudhani kwamba katika shida kama hiyo kila dini ingewatazama watu wake. Lakini risasi haikuuliza mtu amebatizwa wapi, wala kambi haikuwa na mlango wa Wakatoliki na mlango wa Waislamu. Viongozi wa dini walikutana makaburini kabla ya kukutana mezani. Ndipo mwaka wa 1997 walipoanza kufanya shauri pamoja, na mwezi wa Februari 1998 wakaanzisha rasmi umoja wao wa kutafuta amani, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu. Baadaye Waorthodoksi wakaingia. Mwezi wa Juni mwaka huo ukafanywa mkutano mkubwa Gulu, ulioitwa kwa Kiacholi Bedo Piny pi Kuc, maana yake kuketi chini kwa ajili ya amani. Wakasema kwamba vita hivi havitakwisha kwa bunduki, sharti watu wazungumze.

Neno hilo halikupendeza kila mtu. Husemwa kwamba dawa ya moto ni moto. Tena yalikuwapo mazungumzo kabla yao: mwaka wa 1993 na wa 1994 mama mmoja waziri, Betty Bigombe, alikwenda porini kuonana na Kony, lakini yakavunjika. Wengi waliona kwamba kusema tena na mtu kama yule ni kupoteza maneno, na tena ni kuwatusi waliokufa.

Hapa tumtaje mmoja wao, Askofu Baker Ochola wa Kitgum, Mwanglikana. Mwaka wa 1997 mkewe aliuawa na bomu lililofukiwa njiani. Kama angetaka kisasi, nani angemlaumu? Naye akawa miongoni mwa waliosimama kuwaombea msamaha waasi, apate kuokoa watoto wa watu wengine. Mtu akisema msamaha naye hakupata kufiwa, twamsikiliza kwa adabu. Akisema mtu kama huyu, twanyamaza.

Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa habari ya sheria. Serikali ilifikiri kuwasamehe baadhi ya waasi na kuwaacha wengine. Viongozi wa dini, pamoja na wazee wa Kiacholi, wakasema kwamba wengi wa waasi ni watoto walioibwa. Basi msamaha uwe wa wote watakaoweka silaha, maana mtoto aliyelazimishwa kuua ataogopa kurudi akijua kamba yamngoja. Wakalishika neno hilo kwa bidii, hata Sheria ya Msamaha ikatolewa mwanzoni mwa mwaka wa 2000. Kwa sheria hiyo watu zaidi ya 20,000 walirudi kutoka makundi ya waasi ya Uganda. Tazameni jinsi ilivyofanyika. Askofu na kadhi hawakuomba viti vya bunge, wala hawakutaka serikali iwe ya dini yao. Waliwapelekea watunga sheria vilio vya watu wasioweza kufika huko, wakaomba sheria iwe na huruma.

Hata hivyo vita viliendelea. Mwezi wa Machi 2002 serikali ilipeleka jeshi kubwa kuwafuata waasi hata Sudan. Waasi wakarudi Uganda kwa hasira, mambo yakawa mabaya kuliko kwanza. Mwezi wa Agosti mapadre watatu waliokwenda kuonana na waasi kwa ajili ya amani walikamatwa na askari wa serikali. Mwezi wa Mei 2003 waasi nao waliingia seminari ya Lacor, karibu na Gulu, wakachukua wanafunzi 41. Hivyo ndivyo ilivyo hali ya mpatanishi: huku humwita msaliti, na huku humwita adui. Mwenye kusimama katikati hupigwa na mvua ya pande zote.

Siku hizo palizuka jambo ambalo watu wa Gulu hawatalisahau. Kila jioni watoto walitoka vijijini na makambini, wakatembea kwa miguu maili nyingi kwenda mjini kulala, ili wasichukuliwe usiku. Walilala barazani mwa maduka, katika viwanja vya hospitali, na kituo cha mabasi, maelfu kwa maelfu. Alfajiri wakarudi kwao. Wakubwa wa nchi walisikia habari hizo, lakini kusikia si kuona.

Basi mwezi wa Juni 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu, Mkatoliki, pamoja na viongozi wenziwe wa dini nyingine, waliondoka nyumbani mwao jioni, wakaenda mjini, wakalala nje na watoto wale. Hawakulala usiku mmoja ili waonekane, kisha warudi vitandani. Walilala usiku nne. Kila mmoja aliomba kwa namna ya dini yake, na baridi ilikuwa moja kwa wote.

Huenda msomaji akauliza, “Je, kulala chini kwaweza kuzuia bunduki?” La, hakuzuii. Lakini kuliyafungua macho ya watu. Waandishi wa habari wakaandika, na nchi za mbali zikauliza kuna nini Gulu. Mwezi wa Novemba mwaka huo Jan Egeland, mkuu wa misaada ya Umoja wa Mataifa, akaja akaona kwa macho yake, akautangazia ulimwengu kwamba taabu kubwa kama ile ilikuwa imesahauliwa. Mwaka wa 2004 umoja wa viongozi wale ulipewa tuzo ya amani ya Niwano, itolewayo na watu wa dini ya Buddha huko Japani. Mabuddha wa Japani wakawaheshimu Wakristo na Waislamu wa Acholi, na hakuna hata mmoja aliyeiacha imani yake.

Hatupendi kuisimulia habari hii kana kwamba kila jambo lilikwenda vema. Mwezi wa Desemba 2003 serikali ya Uganda ilipeleka mashtaka ya waasi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, na mwaka wa 2005 mahakama ikatoa hati za kuwakamata Kony na wakubwa wenziwe wanne. Viongozi wa dini walihuzunika. Walisema kwamba mtu akijua anangojwa na gereza hatatoka porini, nao wakakumbusha desturi ya Kiacholi iitwayo mato oput, ambayo mkosaji hukiri, hulipa, kisha koo mbili hunywa pamoja dawa chungu ya mzizi. Wengine walijibu kwamba pasipo hukumu hapana haki, na kwamba walioumizwa wana neno lao. Sisi twaona pande zote mbili zilikuwa na kweli. Mmoja wa watano wale, Dominic Ongwen, alihukumiwa na mahakama hiyo mwaka wa 2021 kifungo cha miaka 25. Naye mwenyewe alichukuliwa na waasi alipokuwa mtoto, akienda shule. Nani atapima mizani hiyo upesi?

Mwezi wa Julai 2006 mazungumzo yalianza Juba, na tarehe 26 Agosti pande mbili zikakubali kuacha kupigana. Viongozi wa dini walikwenda huko, na hata porini mpakani mwa Kongo, wakiwahimiza wote wasivunje baraza. Kony hakutia sahihi mapatano ya mwisho mwaka wa 2008. Mwezi wa Desemba mwaka huo majeshi yakamshambulia katika msitu wa Garamba. Watu wake wakatawanyika, na siku za Krismasi wakaua mamia ya wanakijiji wa Kongo wasiokuwa na kosa. Basi amani iliyopatikana Acholi haikuwa amani ya kila mtu. Lakini tangu mwaka wa 2006 watoto wa Gulu waliacha kutembea usiku, na watu wa makambini wakaanza kurudi, wakafyeka msitu uliomeza mashamba yao, wakatafuta makaburi ya wazee wao.

Sasa tuyarudie maneno mawili tuliyotaka kuyapima.

Yule asemaye kwamba dini ni ya kanisani tu, aikumbuke kambi na kituo cha mabasi. Kama maaskofu na mashehe wangalibaki ndani wakisali, sala zao zingekuwa njema, lakini sheria ile ya msamaha ingekosa watetezi walioaminiwa na watu. Serikali ina askari na mahakama. Nayo yahitaji watu wasiotafuta cheo, wanaoweza kuiambia kweli bila chuki. Ahmed bin Ibrahim alifanya hivyo mbele ya Suna akiwa peke yake. Watu wa Acholi walifanya hivyo wakiwa pamoja. Lakini na tukumbuke Mengo pia: dini ikiingia mambo ya nchi kwa kutafuta kiti, huishia kuomba mzinga.

Na yule aogopaye kwamba imani yake itapungua, na atuambie ni nani aliyepungukiwa. Askofu Mkuu Odama alibaki Mkatoliki, Askofu Ochola alibaki Mwanglikana, na kadhi alibaki Mwislamu. Hawakuchanganya sala wala hawakusema kwamba dini zote ni sawasawa. Hayo hayakuwa mazungumzo yao. Waliulizana, “Mtoto huyu atalala wapi?” Katika baraza ya Mutesa watu wa dini walizungumza ili washindane, na mwisho wake ukawa vita. Katika Gulu walizungumza kwa sababu ya mtu wa tatu aliyekuwa akiumia, na kwa ajili yake wakafahamiana. Twaona tofauti yote iko hapo.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutaitwa Juba, wala hatutapewa tuzo kutoka Japani. Lakini kisima cha kijiji chaweza kuharibika, na mtoto wa jirani aweza kukosa pa kulala. Tusingoje matanga ndipo tukae mkeka mmoja na jirani zetu wa msikitini. Viongozi wa Acholi walianza kukutana makaburini, kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wamezoea kukutana. Nao wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Sisi tungali na nafasi ya kuanzia kisimani.